Mpaka Alama Zionekane

Darasa la programu lilikuwa juu ya duka la magodoro, chumba chenye madirisha mawili na ubao mmoja, na wanafunzi wake wanane walikuwa watu wazima waliofika kutoka kazini na njaa zao. Ofisi zao ziliwapeleka huko kwa sababu kumfundisha karani ni nafuu kuliko kuajiri mtaalamu. Walikutana saa kumi na moja jioni, Jumatatu na Jumatano, na kufikia wiki ya tatu hakuna aliyekuwa amegusa kompyuta. Mwalimu alisema hawana haja nayo bado.

"Kwanza tunaandika msimbo bandia," alisema. "Ni maagizo ya programu, lakini kwa maneno ya kawaida, kabla hujayageuza kuwa lugha ya mashine. Mstari mmoja, kitendo kimoja. Agizo lililo ndani ya jingine lisogeze kulia kidogo, ili macho yaone nani mzazi nani mtoto. Na msihangaike kuifurahisha kompyuta. Kompyuta haitausoma huu. Atakayeusoma ni mtu."

Mtunza stoo wa kiwanda cha sabuni, ambaye wenzake walimwita Bwana Stoo, aliitwa ubaoni aandike namna ya kupanda ngazi. Aliandika: NYANYUA mguu wa kulia. NYANYUA mguu wa kushoto. Akarudi kuketi, ameridhika. Mwalimu alikuwa na desturi ya kuzifuata kazi za wanafunzi wake neno kwa neno. Alinyanyua mguu wa kulia, akanyanyua na wa kushoto, akabaki hewani shubiri moja kutoka sakafuni.

"Mnaona kilichokosekana?" aliuliza akiwa huko juu.

"Kuweka chini," alisema Bwana Stoo.

"Kuweka chini. Mtu akiandikiwa vizuri hufanya alichoandikiwa, na asichoandikiwa hafanyi."

Alifundisha nusu saa nzima akiwa hewani ili somo liwaingie, kisha akamwambia Bwana Stoo aongeze mistari iliyokosekana, akashuka. Mwanafunzi wa nyuma, aliyeandika "panda kwa uangalifu unaofaa", hakumsogeza mtu yeyote. Alipewa sifuri.

Aliyenakili yote hayo kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu, alikuwa karani wa dirisha la pili katika Ofisi ya Uhakiki. Kazi ya ofisi hiyo ilikuwa kuhakikisha kila mwaka kwamba wagonjwa wanaopewa dawa za kudumu wako hai, ili dawa zisiende kwa marehemu. Mgonjwa alifika mwenyewe, akaweka kidole kwenye mashine, mashine ikazisoma alama za kidole chake, akapewa cheti. Kwa cheti hicho bohari ilimpa dawa za mwaka mzima. Dawa zenyewe hazikuuzwa dukani, na bila cheti hakuna aliyeweza kukupa hata kidonge kimoja. Juu ya dirisha palikuwa na kibao cha zamani: ASIYEKUWEPO NA LAKE HALIPO.

Mkuu wa ofisi, mtu mnene mwenye sauti ndogo, alimtaka karani aandike utaratibu mzima wa dirisha kwa msimbo bandia, ili mwakani mtaalamu augeuze kuwa programu. Atakayeuandika ndiye atakayekuwa kiongozi wa kitengo cha mfumo, ghorofani, kwenye chumba chenye feni. Karani aliandika kwa siku tatu. Alipomaliza, mkuu aliisoma karatasi akiwa amesimama.

"Huu mstari wa kidole kukataa mara tatu," alisema. "Anapelekwa kwa nani hapa?"

"Kwako, mkuu."

"Nimfanye nini?"

"Umhakiki kwa macho. Kwa kadi ya zamani, kwa mashahidi. Mwalimu anasema kila mzunguko lazima uwe na kikomo."

"Mwalimu wako ana ofisi?"

"Hana."

"Ndiyo maana." Alimrudishia karatasi. "Wakija kumi kwa siku, mimi nifanye kazi saa ngapi? Futa."

Karani aliufuta kwa raba, akapuliza vumbi lake mezani. Alijua mstari ule ni wa lazima, kwenye daftari lake alikuwa ameupigia wino mwekundu mara mbili. Aliufuta kwa sababu alikuwa na miaka thelathini na minane, na dirisha la pili lilipigwa na jua kuanzia saa sita mpaka kufunga. Kisha akaujaribu utaratibu wake, kama alivyofundishwa. Alitumia kidole chake, cha mkuu na cha mlinzi wa mlangoni. Vyote vitatu vilisomeka mara ya kwanza, maana watatu hao mikono yao haikuwahi kushika kitu kizito kuliko kitasa. Jumatatu karatasi ilibandikwa ukutani kando ya dirisha:

ANZA
    MWITE mteja
    RUDIA
        mteja AWEKE kidole
        KAMA alama zimeonekana BASI MPE cheti
        VINGINEVYO mteja AKANAWE mikono, ARUDI mwisho wa foleni
    MPAKA alama zionekane
    mteja ATOKE
MWISHO

Hakuna aliyengoja mtaalamu wa mwakani. Ilikuwa imeandikwa vizuri, mstari mmoja kitendo kimoja, na watu waliifuata tangu saa mbili asubuhi. Walikuja, waliitwa, waliweka kidole, walitoka. Kazi ya siku nzima iliisha saa saba. Waliobaki ukumbini walikuwa kumi na mmoja: waashi wawili, mwanamke mponda kokoto, mfinyanzi, wakulima, na mzee mmoja aliyepasua mbao maisha yake yote. Vidole vyao vilikuwa laini kama kigae. Waliweka kidole, mashine ikawaka nyekundu, wakaenda kunawa kwenye mabomba yaliyokuwa pembeni ya ukumbi, wakarudi mwisho wa foleni, wakaweka kidole tena. Saa tisa na nusu mlinzi aliwaambia wanafunga. Wakamwambia wamesikia. Lakini mlango ulikuwa kwenye mstari wa mwisho na wao hawajaufikia, kwa hiyo mlinzi alifunga wakiwa ndani.

Asubuhi bado walikuwa wakizunguka. Ndugu zao walileta chakula, wakakila wakitembea. Walijifunza kusinzia bila kupunguza mwendo. Kila siku waliongezeka wengine, na mfagizi alizoea kupiga deki baada ya kundi kupita na kabla halijarudi. Mzee wa mbao alimwambia mlinzi kwamba kazi mbi si mchezo mwema, angalau hapa hawanyeshewi.

Karani aliwaona, na alijisikia vibaya kwa ajili yao siku mbili za kwanza. Siku ya tatu alikuwa na shughuli nyingi.

Jumatatu ya wiki iliyofuata aliingia shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, sahani moja na mwanawe wa kiume, kwa mshahara wa dobi. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja kwa maji ya moto na sabuni kali, mpaka moyo wake ukachoka akastaafishwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mkoba mweusi na ulimi usiolala.

"Nawe umekuwa mtu mkubwa," alimwambia karani kupitia dirishani. "Watu wanazunguka kama wanatafuta sindano, na wewe umekaa tu."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, nipe hicho cheti niondoke. Vidonge vya moyo vimebaki vinne, na daktari kasema nisikae siku mbili bila."

"Weka kidole hapo, shangazi."

Karani hakuwahi kuvitazama vidole vya shangazi yake. Vilimvisha, vilimsuka, vilimfinya alipostahili, na hakuwahi hata siku moja kuvigeuza akaviangalia kwa ndani. Mashine iliwaka nyekundu. Shangazi alikitazama kidole chake, akakifuta kwenye gauni.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, "nanyi mnataka changu kivunje mlango wa bohari." Miguu yake ilikuwa tayari imegeuka kuelekea mabombani. "Na sasa naambiwa nikanawe. Mikono hii imenawa miaka thelathini na mmoja, mwanangu. Hiyo ndiyo shida yake."

Akaenda, akanawa, akarudi mwisho wa foleni nyuma ya mponda kokoto.

Karani alikwenda kwa mkuu kabla ya saa nne. Alimwambia utaratibu una kosa.

"Kosa la nani?" mkuu aliuliza.

"La utaratibu, mkuu."

"Utaratibu kauandika nani?"

Mkuu alimwambia, bila hasira, kwamba Jumatano saa tatu wanakuja wageni kutoka makao makuu kuutazama mfumo, kwamba barua ya kumpandisha cheo imekwisha chapwa na inangoja saini tu, na kwamba yeye mwenyewe haoni kosa lolote bali anaona watu wenye vidole vibaya.

Jioni karani alimwonyesha mwalimu nakala yake. Mwalimu aliisoma mara mbili, akaandika juu yake: tisini kwa mia.

"Kumi umekata za nini?"

"Za kikomo. Mzunguko usio na kikomo ni shimo. Mengine yote safi sana, inafanya kile ulichoandika." Akamtazama. "Uliijaribu kwa nani?"

"Kwa watu wa ofisini."

"Kila siku nasema, mjaribu kwa mtu ambaye hukumfikiria. Yupo ndani?"

"Yupo shangazi yangu."

"Chukua penseli," mwalimu alisema. "Mstari mmoja tu. Hauchukui hata dakika."

Jumanne asubuhi karani alifika kabla ya mkuu. Ukumbini walikuwa tisini na watatu. Shangazi yake alikuwa wa saba kutoka mbele, ameshika viatu mkononi, maana miguu ilikuwa imevimba usiku. Kidonge cha pili alikuwa amekimeza bila maji. Karani alisimama kwenye karatasi ya ukutani na kwa penseli akaandika kati ya mistari, kwa herufi ndogo: KAMA amerudia mara tatu BASI AENDE kwa karani wa dirisha la pili.

Foleni nzima iligeuka. Wote tisini na watatu walikuja mbele ya meza yake, wakasimama kwa utaratibu uleule, na kwa mara ya kwanza kwa siku nane baadhi yao walisimama bila kutembea. Mzee wa mbao alilia, kimyakimya, kwa ajili ya magoti yake.

Kuhakiki kwa mkono kulikuwa na fomu ya kurasa nne. Karani alikagua kadi za zamani, akauliza majina ya wazazi, akawaita mashahidi wawili wawili kutoka humohumo foleni, akaandika cheti, akagonga mhuri. Aliyepata cheti alitoka mlangoni. Kila mmoja alichukua zaidi ya nusu saa. Alimaliza wa sita kiasi cha saa sita, mkono ukimuuma, na shangazi yake akaketi kwenye kiti, akaweka mkoba mapajani.

"Jina kamili," alisema karani.

"Hulijui?"

"Lazima niulize, shangazi."

Shangazi alilitaja. Karani alikuwa ameandika la kwanza na nusu ya la pili mkuu alipotoka chumbani kwake. Mkuu hakupaza sauti, hakuwa na sauti ya kupaza. Aliinama karibu na sikio la karani akiwa na barua mkononi, ile ya cheo, imekunjwa mara mbili.

"Foleni ya nani hii?"

"Yangu, mkuu. Nitaimaliza."

"Themanini na saba. Kwa mwendo huu unaimaliza wiki ijayo. Wageni ni kesho." Alikuna sikio kwa ncha ya barua. "Sikuamuru kitu. Nataka tu nijue jina nitakaloandika humu, lako au la karani wa dirisha la kwanza."

Karani alihesabu. Vidonge viwili vilikuwa vimebaki kwenye mkoba ule. Wageni wangeondoka kesho mchana, na penseli alikuwa nayo. Angeweza kuomba dakika ishirini ammalize aliyekuwa mbele yake, na mkuu huenda angekubali, maana alipenda kuombwa. Hakuomba. Aliona aibu kuonekana anampendelea ndugu yake mbele ya watu themanini na saba, hivyo ndivyo alivyojieleza baadaye, na alijua wakati akijieleza kwamba ni uongo. Alinyanyuka, akachukua raba, akafuta mstari.

Shangazi alisimama kabla hajamaliza kupuliza vumbi. Mkoba uliteleza, akaudaka.

"Umeandika jina nusu," alisema.

"Kesho, shangazi. Kesho mchana narudisha."

"Haya, mwanangu." Alikuwa ameshageuka kuelekea mabombani. "Si neno. Kazi ni kazi."

Wageni walikuja watano, wakakaa ukumbini robo saa. Mmoja aliuliza foleni iko wapi. Mkuu alimweleza kwamba foleni ni watu waliosimama, na hapa, kama anavyoona, hakuna aliyesimama. Mgeni alikubali. Waliisoma karatasi ya ukutani, wakaisifu kwa lugha yake nyepesi ambayo hata bibi wa mtu angeielewa, wakaipiga picha, na kabla ya saa sita nakala zake zilikuwa zimetumwa kwenye matawi yote ishirini na mawili. Ile ya ukutani ilitiwa plastiki ngumu kwa joto, pande zote, na mhuri juu yake. Barua ilisainiwa. Karani alihamia ghorofani siku ileile na kuwasha feni.

Alishuka Jumatano alasiri na penseli. Penseli iliteleza juu ya plastiki kama juu ya kioo. Alijaribu kalamu ya wino, wino ukajikusanya matone ukadondoka. Alijaribu kuikwangua kwa funguo. Shangazi alipita nyuma yake wakati huo na kumwambia asijiumize mkono.

Alhamisi shangazi alimeza kidonge cha mwisho. Ijumaa karani alikwenda kwa mkuu, na mkuu alimweleza kwa upole kwamba sasa utaratibu si wa ofisi hii peke yake. Mabadiliko yanapitia kamati ya maboresho, maombi yanaandikwa na kiongozi wa kitengo cha mfumo. Ndiye yeye. Aliandika maombi. Aliyaandika vizuri, akayapeleka kwa mkono, na aliporudi alisimama kwenye ngazi akalia, kisha akanawa uso kwa maji ya chupa kwa sababu mabomba ya ukumbini hakutaka kuyakaribia.

Shangazi alikufa Jumapili alasiri, kati ya mabomba na mwisho wa foleni. Mlinzi ndiye aliyetambua. Alisema mama yule alishika kifua, akasema "Haya basi," akafa, kisha akaendelea kutembea. Hapakuwa na mstari wa kufa. Kilichoandikwa ni kwamba arudi mwisho wa foleni, naye alirudi. Aliyekuwa nyuma yake, mfinyanzi, alimpa pole.

Jumatatu alikuja mwanawe. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mkimya mwenye glavu za ngozi asizozivua, na alifika na wanaume wanne na jeneza, kwa kuwa kaburi lilikuwa tayari na watu walikuwa wakingoja nyumbani. Alisimama mbele ya mama yake, akamkumbatia ili amsimamishe. Mama alimsukuma mbele bila kutaka. Wale wanne wakamshika mikono na kiuno, na wote watano wakaburutwa kuzunguka ukumbi mara tatu, kwa mwendo wa kawaida, mpaka wakachoka wakamwachia.

"Mama, twende nyumbani," alisema.

"Niache nifike, mwanangu," alijibu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka usingizini, lakini alizungumza, maana haikuandikwa popote anyamaze. "Nikifika nitakuja."

Fundi alipanda ghorofani na jeneza likabaki chini ya ngazi. Hakuketi.

"Dada," alimwambia karani, "wamesema wewe ndiye uliyeiandika."

"Ndiyo."

"Ongeza mstari mmoja. Mmoja tu, mama apumzike."

"Nimeomba. Iko kwenye kamati."

"Umeomba." Aliitazama feni ilivyokuwa ikizunguka. "Alikuwa anakupa wewe kwanza, unajua? Mimi namlilia kwamba mimi ndiye mtoto wake wa kumzaa, yeye anasema wewe huna mama, ule kwanza."

Karani alisema anajua. Fundi akashuka. Jeneza walirudi nalo nyumbani, wakaliegemeza ukutani sebuleni, na watu waliokuja kuzika wakala chakula cha msiba wakaondoka.

Kamati ilikaa baada ya wiki tisa. Kufikia hapo ukumbini walizunguka mia mbili na kitu, na kati yao marehemu kumi na wanne, ambao walisifiwa kwa sababu hawakuwahi kukatiza mwendo ili kula. Karani alikuwa ameandika mapendekezo mawili. La kwanza, kikomo cha mara tatu, lilikataliwa bila mjadala. La pili lilisema hivi: KAMA mteja amefariki BASI ndugu yake AWEKE kidole kwa niaba yake. Hili alilitunga kwa akili sana. Yeye ni ndugu. Angeshuka siku hiyohiyo, angeweka kidole chake, kile alichokijaribu tangu mwanzo na ambacho kilisomeka daima, na shangazi yake angefika mstari wa mwisho na kutoka. Kwa wiki tisa aliweza kulala kwa sababu ya wazo hilo.

Kamati ililipenda. Ilibadilisha neno moja tu, ili kuzuia udanganyifu. Badala ya "ndugu yake" iliandika "mtoto wake wa kumzaa". Na kwa kuwa kila KAMA lazima iwe na VINGINEVYO, kama karani mwenyewe alivyowafundisha kwenye semina, iliongeza kwamba kidole kisiposomeka, mtoto naye akanawe mikono na arudi mwisho wa foleni. Karatasi mpya ilimfikia mezani ikiwa na nafasi ya saini ya kiongozi wa kitengo. Ilikaa hapo asubuhi nzima. Mchana mkuu alimpigia simu kuuliza kama ina kosa.

"Haina," alisema karani, na akasaini.

Ndiye aliyempigia simu fundi. Alimwambia aje Alhamisi saa tatu, mstari umeongezwa. Fundi alimshukuru, akasema Mungu ambariki, akasema alimfikiria vibaya na amsamehe. Alipokata simu karani alibaki ameshika mkono wa kiti. Hakuwa amesahau kazi ya fundi. Alijiambia vidole viko kumi, na kwamba kuchomelea si kufua.

Alhamisi alishuka ukumbini kushuhudia. Mkuu alikuwepo, na mpigapicha wa jarida la ofisi, kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza ya mstari mpya. Fundi alikuja amevaa shati jeupe la kuzikia, na wale wanaume wanne wakangoja nje na jeneza. Jina la mama yake liliitwa. Mama alikuja mpaka dirishani na kusimama kando, na mwanawe akamwamkia, akasogea kwenye mashine na kuvua glavu.

Viganja vyake vilikuwa vimeungua na kupona mara nyingi mno, ngozi yake inang'aa, haina hata mkunjo. Alikuwa hatua moja kutoka kwenye mashine. Karani alikuwa karibu naye kiasi cha kuweza kumshika mkono. Kama angemwambia "usiweke", angerudi nyumbani kwa mkewe, kwa kuwa hakuna mstari unaomshika mtu asiyeweka. Lilikuwa neno moja, na alikuwa nalo mdomoni. Mpigapicha aliwaomba wasogeane kidogo. Karani akasogea.

Fundi aliweka kidole. Mashine iliwaka nyekundu.

Alijaribu kukitoa akaweke kingine, lakini miguu yake ilikuwa imeshageuka. Alimtazama karani. Hakuonekana ameshangaa, alionekana kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya pili. Mkuu alimwambia karani kwamba mstari unafanya kazi, akaenda kumsindikiza mpigapicha. Wanaume wanne walichungulia mlangoni, wakangoja, kisha wakalinyanyua jeneza tena mabegani.

Mama na mwana walifika mabombani pamoja. Fundi alifungua bomba lililokuwa karibu naye, halikutoa kitu.

"La kushoto," mama yake alimwambia. "Hilo la kulia lilikauka tangu mwezi uliopita." Akamsogezea kipande cha sabuni. "Na usitembee haraka, miguu itavimba. Kaa nyuma yangu, nitakuonyesha."

Fundi alinawa mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akaikung'uta, akasimama nyuma yake.